Pasaka na Watoi kwa Keja: Vitu Fiti za Kutengeneza Bila Kumaliza Doh

Wacha tuseme ukweli. Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka ni sikukuu, kwa hivyo wikendi inakuwa ya siku nne. Kila tangazo linakuambia uende Mombasa, Naivasha ama angalau mahali kuna bembea na nyama choma. Halafu unaangalia salio ya M-Pesa, unaangalia watoi wawili wamekaa kwa kiti wakikuangalia, na nje kunanyesha. Hiyo ndio Pasaka ya wasee wengi huku mtaani.

Na si lazima wawe watoi wako. Kuna ule msee ako na miaka ishirini na kitu, anaishi bedsitta Umoja ama Zimmerman, na sistake ni nesi ama keshia wa supamaketi. Hospitali haifungi Ijumaa Kuu, na supamaketi siku hizi pia hazifungi. So Alhamisi jioni mlango unagongwa, watoi wanaingia na begi, na kesho yake saa moja asubuhi unaulizwa, "Anko, leo tunafanya nini?" Kama hauna jibu, hiyo siku itakuwa ndefu kuliko foleni ya huduma namba.

Hii stori ni ya huyo msee. Bajeti ni soo tatu, na ukijibana soo mbili inatosha. Simu unaeza wapatia wakae TikTok mpaka jioni, hakuna mtu atakushtaki. Lakini mtoi hawezi kumwonyesha mathake vidio aliyoangalia. Kitu ametengeneza na mikono yake ataibeba mpaka hao.

Kwanza okota, usinunue

Makosa ya kwanza watu hufanya ni kuingia Pinterest, kuona sungura ya manyoya na pambo za dhahabu, halafu kukimbia duka la vitabu kununua vitu za thao. Zii. Karibu kila kitu unahitaji iko kwa taka yako ama ya jirani.

Kama uko na mtoi wa CBC kwa familia, hii unaijua tayari. Kuna mathe hawezi tena kutupa roli ya tishu, mkono unakataa. Weka kando hizo roli, trei za mayai zile za karatasi ngumu, boksi za unga na za dawa ya meno, magazeti ya zamani, vifuniko vya plastiki vya aiskrimu na mikebe midogo ya nyanya. Pitia kwa fundi wa nguo umwombe vipande vya kitenge, hivyo hukanyagwa pale chini tu. Kama kuna salon kwa ploti, omba mabaki ya uzi wa kusukia nywele. Halafu mwambie mama mboga akuwekee maganda ya vitunguu. Atakuangalia vibaya kidogo, lakini atakupatia bure, na hayo maganda ndio siri ya hii stori yote.

Vitu za kununua ni chache: mayai sita mpaka kumi, karatasi moja ya manila, chupa ndogo ya siki, paketi ya manjano, wimbi ya finje ambayo haijasagwa, na krayoni kama hakuna. Bei inategemea mtaa na duka, lakini ukizunguka vizuri soo tatu inarudi na chenji.

Gundi usinunue. Chukua vijiko viwili vikubwa vya unga wa ngano, weka nusu kikombe cha maji baridi, koroga mpaka madonge yaishe. Weka kwa moto mdogo ukikoroga tu, usiache, mpaka iwe kama uji mzito. Ikipoa, inashika karatasi na kitambaa bila shida. Hii ndio gundi watu walikuwa wanabandikia mabango kabla ya kila kitu kuuzwa kwa chupa. Haina sumu, mtoi mdogo akiramba hakuna noma. Itaanza kunuka baada ya siku mbili tatu, kwa hivyo tengeneza kidogo kidogo.

Mayai ya maganda ya kitunguu

Sasa hapa ndio kuna sherehe.

Watu wengi hudhani ili upake yai rangi lazima ununue rangi za chupa. Ganda la kitunguu, lile kavu la nje, liko na rangi kali ajabu. Chukua maganda ya vitunguu kama kumi au kumi na mbili, yajaze kwa sufuria ya zamani, weka maji lita moja na kijiko kikubwa cha siki. Chemsha dakika ishirini hadi thelathini. Maji yatakuwa mekundu kama chai ya rangi iliyosahaulika kwa jiko. Zima, yaache yapoe. Hiyo ya kupoa ni muhimu: yai likitoka kwa baridi likatupwa kwa maji yanachemka, linapasuka na unabaki na supu. Weka mayai kwa hayo maji yakiwa yamepoa, rudisha kwa moto polepole, na yakianza kuchemka hesabu dakika kumi hadi kumi na mbili.

Ukitoa hapo hapo unapata rangi ya machungwa iliyoiva. Ukiacha mayai ndani yakae masaa mawili hivi, yanakuwa ya udongo mwekundu, yale ya kupiga picha. Kama gesi inaelekea kuisha na hutaki kuwasha mara mbili, chemsha maganda na mayai pamoja kutoka mwanzo. Rangi itakuwa nyepesi kidogo, lakini itashika. Siki ndio inasaidia: asidi yake inakula ganda la yai kidogo sana na rangi inapata mahali pa kukaa.

Kabla hujafika hapo, pima mayai yako. Weka kila moja kwa bakuli ya maji baridi. Likilala chini, liko fiti. Likisimama wima, limezeeka lakini bado linalika ukilichemsha vizuri. Likielea, rudisha kwa duka ukiwa mpole ama ulitupe.

Haya, sasa ujanja wenyewe. Chukua jani moja la dhania, lile lenye vidole vidole. Lilowe maji, libandike kwa yai bichi, halafu funika yai lote na kipande cha stokingi iliyochanika. Vuta kabisa, funga na uzi nyuma, chemsha kwa yale maji ya vitunguu. Ukifungua na kutoa jani, unapata picha ya dhania iko wazi kwa yai, kila kidole, kama imechorwa na mtu wa sanaa. Watu wa Latvia hufanya hivi kila Pasaka na majani ya huko kwao. Sisi tuko na dhania, majani ya karoti, na yale majani madogo yanamea kando ya mtaro. Watoi wa miaka mitano kwenda juu wanaeza kuchagua majani na kuyabandika wenyewe. Kazi yako ni kufunga stokingi na kukaa karibu na moto. Kwa jiko hapo mtoi asikaribie, hata akilia.

Ile dakika ya kufungua stokingi, mpatie mtoi afungue mwenyewe. Usimnyang'anye hiyo.

Kuna staili ingine ya nta. Mtoi anachora kwa yai na mshumaa mweupe ama krayoni: jina lake, nyota, msalaba, hata nambari ya mat ya mtaa wao. Hii usichemshe, nta itayeyuka yote. Chemsha yai kwanza, lipoe, ndio achore, halafu litumbukize kwa rangi iliyopoa. Palipo na nta rangi haishiki. Hapa manjano inafanya kazi safi: vijiko viwili vya manjano kwa vikombe viwili vya maji, kijiko cha siki, chemsha dakika chache, poesha, tumbukiza yai nusu saa. Lakini nakuonya, manjano haina urafiki na ukuta mweupe. Tandika magazeti, vua watoi nguo nzuri, na kama keateka wako ni wale wa kukata dipoziti kwa sababu ya doa, fanyia hii kazi ndani ya beseni.

Biturutu watu huisifu sana kwa mtandao. Mayai yetu mengi ya dukani ni ya kahawia, na biturutu juu ya kahawia inatoka rangi ya viatu vya polisi. Kama unataka pinki, tafuta mayai meupe ya kienyeji. Kabichi ya zambarau nayo ni kiini macho: maji yake ni ya zambarau, lakini yai jeupe linatoka la bluu. Ukiipata kwa bei poa, jaribu, watoi watapagawa.

Mayai yakikauka, weka tone moja la mafuta ya kupikia kwa tishu na uyasugue. Yanang'aa kama ya duka.

Mtoi mjanja atakuuliza, na yai linaingiliana aje na Yesu? Jibu liko. Zamani huko Ulaya kanisa lilikataza watu kula mayai wakati wa Kwaresima. Lakini kuku hajui kuna Kwaresima, anaendelea kutaga tu. Siku arobaini zikiisha kuna mlima wa mayai, so siku ya Pasaka watu wanayapamba, wanapeana, wanadishi. Wakristo pia waliona ganda kama kaburi na kifaranga kinachotoka kama ufufuo. Waorthodoksi huyapaka mekundu kuwakilisha damu ya Kristo, na usidhani hao wako Ugiriki peke yake, hapa Nairobi wako na seminari yao Riruta. Pasaka yao mara nyingi huwa tarehe tofauti na yetu. Mwaka wa 2026, kwa mfano, wengi wetu ni 5 Aprili na wao ni 12 Aprili.

Wako na mchezo mmoja noma sana ambao hauhitaji hata shilingi. Kila mtu anashika yai lake lililochemshwa, mnagonganisha ncha kwa ncha. Lako likipasuka umetoka. Lile linabaki zima mpaka mwisho, mwenyewe anaaminika atakuwa na bahati mwaka mzima. Watoi wakianza huu mchezo hawaachi mpaka mayai yaishe, kwa hivyo piga picha kwanza.

Bustani ya kaburi, na mbona uianze mapema

Kama utafanya kitu moja tu kwa hii orodha, ningekuambia ufanye hii. Lakini haifanywi siku moja.

Tafuta sinia ya zamani, kifuniko kikubwa cha plastiki, ama nusu ya mtungi wa maji uliokatwa kwa urefu. Jaza udongo vidole vitatu hivi. Kwa kona moja laza mkebe mdogo wa nyanya na mdomo wake ukiangalia mbele, ufunike na udongo mpaka uonekane ni kilima chenye pango. Hilo ndilo kaburi. Watafute jiwe la kuziba mdomo. Ukingo wa mkebe ni mkali, so upige nyundo ama ufunike na tepu kabla mtoi haujashika. Juu ya kilima simamisha misalaba mitatu ya vijiti, imefungwa na uzi.

Usiku wa kuamkia hiyo siku ulikuwa umeloweka wimbi. Sasa inyunyize nzito juu ya udongo wote isipokuwa njia ya kufika kaburini, ambayo mnaiweka vijiwe. Bonyeza kidogo na kiganja, nyunyizia maji, weka dirishani. Kila asubuhi mtoi ananyunyizia maji kidogo na mkono. Siku tatu nne hivi zinapita, unaona vidole vya kijani vinachungulia. Kufikia wiki moja kuna nyasi.

Sasa hesabu. Pasaka ya kanisa nyingi huku kwetu ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaokuja kuanzia 21 Machi, ndio maana inaruka ruka: 2025 ilikuwa 20 Aprili, 2026 ni 5 Aprili, 2027 ni 28 Machi. Rudi nyuma siku kumi kutoka hapo ndio upande. Kama watoi watakuja kwako Alhamisi tu, panda wewe mwenyewe mapema na uwaachie kazi ya kaburi, misalaba na njia. Na kama unasoma hii ni Ijumaa tayari, usilie. Nje kuna mvua za masika, nyasi ziko kila mahali. Chimbueni vipande vidogo na mizizi yake, mpande hivyo hivyo.

Ijumaa jioni mtoi anaziba kaburi na jiwe. Jumamosi hakuna kitu, na hapo ndio utamu wake: atakuja kuchungulia mara ishirini. Jumapili alfajiri, kabla waamke, toa jiwe kando, weka ndani kipande cha kitambaa cheupe kilichokunjwa. Basi. Usiseme kitu. Rudi ulale ama ujifanye umelala, usikilize tu wakiamka.

Familia zingine si za kanisa, na watoi wa jirani Mwislamu watakuja tu, kwa sababu ploti haina mipaka. Usiwatume nyumbani na usiwashikishe msalaba bila mathe wao kujua. Waambie watengeneze vichwa vya nywele: ganda la yai lililokatwa juu, lisafishwe, lichorwe macho na mdomo, lijazwe pamba yenye maji ama udongo, na ile wimbi juu. Baada ya wiki lina afro ya kijani. Watoi wanaeza kulinyoa na makasi, fedi, panki, vile wanataka. Kusema ukweli watoi wengine watapenda hii kuliko bustani.

Karatasi, roli na trei

Hapa nitaenda haraka kwa sababu ni rahisi.

Sungura wa Pasaka alitoka Ujerumani. Kuna daktari wa huko aliandika mwaka wa 1682 kuhusu stori ya sungura anayeletea watoto mayai, na wahamiaji wa Kijerumani wakaivusha mpaka Marekani. Lakini sisi sungura wetu tunamjua tangu utoto, na yeye haleti mtu mayai, yeye ni mjanja anayewachezea wakubwa. So tengeneza huyo. Roli ya tishu, bonyeza upande wa juu ndani mara mbili na masikio yanajitokeza yenyewe. Chora uso, bandika mkia wa pamba. Roli ya pili ni fisi, ya tatu simba. Ficheni nyuma ya kochi, na watoi wakuigizie stori ya sungura na fisi. Lisaa limeisha.

Vifaranga wanatoka kwa trei ya mayai. Kata vikombe viwili, bandika mdomo kwa mdomo na gundi ya unga, paka manjano iliyochanganywa na gundi kidogo, weka mdomo wa manila na macho ya biro. Gundi hii hukauka polepole, kwa hivyo funga na uzi usiku kucha.

Wale wadogo wa miaka miwili mpaka minne usiwape makasi wala maharagwe ya kubandika. Kila daktari wa watoto ako na stori ya haragwe lililotolewa kwa pua. Wao wachane karatasi. Chora yai kubwa kwa manila, wapake gundi na vidole, wabandike vipande vya kitenge na magazeti ya rangi. Itakuwa chafu, itakuwa poa.

Halafu kuna ule wa miaka kumi, kumi na moja, anakaa kwa kona akisema hizi ni vitu za watoto. Huyo usimlazimishe. Mpatie kazi ya mkubwa: yeye ndio injinia wa tiara.

Kule kisiwa cha Bermuda, Ijumaa Kuu ndio siku ya kurusha tiara, ni mila yao kabisa. Ya kwenu ifanye na njiti mbili nyepesi, zile za ufagio wa makuti mkizifunga tatu tatu pamoja ziko sawa. Moja sentimita 60, ya pili 50. Zipitanishe, ile fupi ikae kama sentimita 18 kutoka juu, funga kabisa na uzi. Pitisha uzi kwenye ncha zote nne kuzunguka. Lalisha juu ya gazeti, kata ukiacha sentimita mbili za kukunjia, kunja juu ya uzi, gundi. Mkia wa vipande vya kitambaa mita mbili hivi, ukikosa mkia inazunguka kama kuku amelewa. Uzi wa kurushia ufunge juu na chini ya njiti ndefu, halafu uunganishe mbele ya pale njiti zinakutana. Mifuko ya plastiki ile tulikuwa tunatumia tukiwa wadogo ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017, kwa hivyo gazeti ndio form. Mvua ikipiga limeisha, mnabandika lingine.

Lakini sikiza. Tiara ni ya uwanja wa shule ama wa kanisa. Isiwe kwa paa la ploti, hata kama keateka ameacha mlango wazi na hata kama uko hapo nao. Mtoi anayerusha tiara anaangalia juu na anarudi nyuma, na hizo paa nyingi ukuta wake unafika magotini. Pia isiwe karibu na nyaya za stima. Ikinasa kwa nyaya, imeenda, hakuna kuifuata na mti. Kama uwanja hakuna, iningʼinizeni ukutani, bado ni smati.

Kwa Ijumaa yenyewe, kama familia ni ya kanisa, kuna msalaba wa nyuzi. Vijiti viwili vimefungwa msalaba, halafu unazungusha uzi wa kusukia nywele: unapita juu ya kijiti, unakizunguka mara moja, unaenda kijiti kinachofuata, unazunguka, hivyo hivyo. Badilisha rangi kila baada ya mizunguko kumi. Mkono ukizoea, mtoi ananyamaza kabisa. Kama mlibaki na matawi ya Jumapili ya Matawi, kata vipande viwili na uvifunge na huo uzi, ukining'inize mlangoni.

Jumapili ya kutafuta mayai

Bedsitta ni ndogo lakini kutafuta mayai kunawezekana. Ficha kwa kiatu, ndani ya sufuria, kwa mfuko wa koti, nyuma ya pazia. Wape dalili za "moto" na "baridi" wakikaribia ama wakienda mbali. Kama watoi ni wengi na mayai ni machache, ficha mayai ya manila yenye kazi zimeandikwa: imba wimbo, ruka mara kumi, mkumbatie anko.

Andika kwa simu umeficha mangapi na wapi. Hii si utani. Yai moja lililosahaulika nyuma ya friji litakutafuta lenyewe baada ya wiki.

Na ujue yapi ya kula na yapi ya kuangalia. Yai lililochemshwa likikaa nje zaidi ya masaa mawili, hilo ni pambo, si chakula. Yale ya kudishi yaweke kwa friji na ganda lake, yaliwe ndani ya wiki moja. Kama hauna friji, chemsha asubuhi, tafuteni, kuleni saa hiyo hiyo. Yaliyopakwa rangi ya shule ama ya kucha yasiguswe mdomo. Yale ya kitunguu na manjano hayana shida: menya, pasua katikati, kachumbari na pilipili kidogo ndani, na hata ule wa miaka kumi na moja aliyekuwa kwa kona atakuja kuuliza kama kuna lingine.

Jumatatu jioni mathe wao akikuja kuwachukua, vifaranga na sungura zinaingia kwa begi. Vichwa vya nywele vinabebwa kwa kipande cha trei. Bustani nayo, mwambie aikalie na mapaja yake kwa mat na ashike na mikono miwili. Akiiweka chini kwa miguu ya watu haitafika Rongai.